Kupima shimo la mchanga mbele ya tuta la mawe: maswali tunayoulizwa mara kwa mara maabara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kwenye mfereji wetu wa mawimbi (birika refu la maabara ambamo mashine hutengeneza mawimbi), wakandarasi wanaotumwa na wateja, na mjomba wangu mvuvi ambaye mpaka leo haamini kwamba kuna mtu analipwa mshahara kupima shimo la mchanga. Yamepangwa kwa namna yanavyoulizwa, si kwa umuhimu.

Mnapima nini hasa?

Kina, upana na mahali lilipo shimo ambalo mawimbi huchimba mbele ya mguu wa tuta. Mguu ni pale mteremko wa mawe unapokutana na sakafu ya bahari. Tuta lenyewe laweza kuwa la kukinga bandari, la kulinda barabara ya ufukweni, au lile fupi linaloingia baharini ili kushika mchanga usihame. Si mchanga wenyewe unaotunyima usingizi. Mawe ya mguuni ndiyo yaliyobeba yale ya juu. Mchanga ukiondoka chini yake, mguu unashuka na mteremko wote unateleza, hata kama kila jiwe lilichaguliwa kwa uzito sahihi.

Mawe si ndiyo yanayovunja nguvu ya wimbi? Mchanga unachimbikaje tena?

Yanavunja sehemu tu. Ukuta wima wa zege hurudisha karibu wimbi zima. Mteremko wa mawe hurudisha theluthi hadi nusu hivi, kutegemea ulivyosimama na urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele. Linalokuja likikutana na linalorudi, hutokea wimbi la kusimama: mahali pengine uso wa maji unapanda na kushuka huku chini kumetulia, na mahali pengine uso umetulia huku chini maji yanakwenda na kurudi kwa kasi. Mchanga mwembamba hunyanyuliwa penye kasi na kwenda kutua penye utulivu. Mchanga mnene haunyanyuki, unabingirika, na shimo lake linakaa mahali pengine kabisa. Xie Shileng alilionyesha hilo kwa ukuta wima huko Delft, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mutlu Sumer na Jørgen Fredsøe wa Denmark wakaja kulipima kwa matuta ya mawe na kuchapisha matokeo mwaka 2000: shimo ni dogo kuliko la ukuta wima, na mteremko ukilala zaidi linazidi kupungua.

Kuna jambo la vitendo hapa. Shimo kubwa si lazima liguse mawe. Kwa ukuta wima na mchanga mwembamba, liko robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Nimeona wanafunzi wakipima sentimita 20 za kwanza mbele ya tuta, wakaandika kwamba hakuna kilichochimbika, na shimo liko mita moja nyuma ya migongo yao.

Na kwenye kichwa cha tuta?

Huko ni habari nyingine. Maji yanazunguka ncha, yanajikunja na kufanya vizingia, na wimbi linalopindukia juu ya mteremko wa kichwa linashindilia maji chini kama bomba. Mfereji mwembamba hauwezi kuonyesha hayo. Unahitaji bwawa pana la mawimbi.

Kwa nini msipime baharini kwenyewe?

Watu hupima. Tatizo ni kwamba shimo huwa kubwa wakati wa dhoruba, saa ambayo hakuna boti wala mzamiaji anayeweza kukaribia. Dhoruba ikipungua, mawimbi madogo hurudisha mchanga na kulifukia. Mzamiaji akishuka siku tatu baadaye anakuta sakafu tambarare, anaandika "hali nzuri", na mguu ulishashuka. Wavuvi wanalijua hili bila mfereji: mjomba wangu huniambia kila mara kwamba kusi huchukua na kaskazi hurudisha.

Tena baharini huwezi kuamuru mawimbi yarudi vilevile kesho. Maabara unaweza, walau kwa kiasi.

Tuta la mita 10 linaingiaje kwenye mfereji wa kina cha mita moja?

Kwa kanuni ya Froude. William Froude alikuwa mhandisi Mwingereza aliyejenga birika la kujaribia mifano ya meli nyumbani kwake Torquay, akaanza kulitumia mwaka 1872. Kanuni anayokumbukwa nayo inasema, kwa maneno ya kawaida: ukipunguza urefu mara fulani, muda unapungua kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo.

Tuchukue mfano wa 1 kwa 30. Wimbi la kimo cha mita 3 linakuwa sentimita 10. Kipeuo cha 30 ni karibu 5.5, kwa hiyo wimbi linalochukua sekunde 10 baharini linachukua sekunde 1.8 mferejini, na dhoruba ya saa 6 inaisha kwa dakika 66. Uzito unapungua kwa 30 mara 30 mara 30, yaani 27,000. Jiwe la tani 5.4 linakuwa la gramu 200, unalishika kiganjani. Hapo pia usisahau kwamba bahari ni ya chumvi na mfereji ni wa maji ya bomba. Tofauti ya uzito wa maji ni kama asilimia 2.5, nayo inabadilisha jinsi jiwe linavyoelea kidogo, kwa hiyo uzito wa mawe ya mfano hurekebishwa.

Basi na mchanga nao mnaupunguza mara 30?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote. Jibu ni hapana.

Mchanga wa milimita 0.3 ukigawanywa kwa 30 unakuwa milimita 0.01. Huo si mchanga tena, ni tope. Chembe za tope hushikana, na tabia yake majini haifanani na ya mchanga hata kidogo. Mtu akikuambia kapunguza kila kitu kwa kipimo kimoja, muulize alinunua wapi mchanga wake.

Kwa hiyo tunachagua tabia moja ya kuilinda. Pale mchanga unaponyanyuliwa na kuelea, tunalinda mwendo wa chembe kushuka. Chembe ya milimita 0.3 hushuka majini kwa sentimita 4.5 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 5.5 unapata 0.8. Chembe inayoshuka kwa mwendo huo ni ya milimita 0.1. Kumbe badala ya kupunguza mara 30 tumepunguza mara 3 tu, na chembe bado ni mchanga. Kisha tunahakikisha mawimbi yetu yana nguvu ya kutosha kuusogeza mchanga huo pande zote za mfereji, si mguuni peke yake. Kipimo cha hapo ni kile cha Albert Shields, aliyekitoa Berlin mwaka 1936: nguvu ya maji inayokwaruza sakafu ikilinganishwa na uzito wa chembe ndani ya maji. Kwa mchanga, chembe huanza kutembea namba hiyo inapofika karibu 0.05.

Wengine hutumia chembe nyepesi: unga wa makaa ya mawe, plastiki iliyosagwa, hata maganda ya jozi. Zinasogea kirahisi, lakini mashimo yake mara nyingi yana umbo lisilolingana na la mchanga, na kusafisha mfereji baada ya makaa ya mawe ni adhabu. Mimi nakaa na mchanga.

Mwenye fedha anakwenda kwenye mfereji mkubwa. Ule wa taasisi ya Deltares huko Delft una urefu wa mita 300, kina cha mita 9.5 na upana wa mita 5. Pale unatumia karibu mawimbi ya kweli na mchanga wa kweli, na hesabu hizi zinapungua makali.

Sakafu ya mchanga inaandaliwaje?

Kwa mikono, na ndipo majaribio mengi yanapoharibikia.

Mchanga unachekechwa, unaoshwa mpaka maji yatoke meupe, unamwagwa kwa ndoo na kusambazwa kwa beleshi. Reli mbili zimefungwa kwenye kuta za mfereji, na gongo la alumini linakokotwa juu yake kama fundi anayesawazisha sakafu ya nyumba. Pimamaji linawekwa kila mita. Baada ya hapo ndipo maji yanaingizwa, taratibu, mpira ukiwa umelazwa juu ya gunia ili maji yasichimbe shimo kabla wimbi halijazaliwa. Tunayaacha usiku kucha. Asubuhi utaona vijishimo kama vya kaa vimetokea hapa na pale: hiyo ni hewa iliyokuwa imenaswa ndani ya mchanga ikitafuta njia. Sakafu imeshuka milimita moja au mbili. Sasa ndipo unapima kipimo cha mwanzo.

Narudia kwa sababu hakuna anayesikia mara ya kwanza: sasa, si jana jioni. Shimo ni tofauti ya vipimo viwili. Ukipima mwanzo kabla hewa haijatoka, milimita mbili za kushuka kwa sakafu zitaingia kwenye ripoti yako kama kazi ya mawimbi. Kwa mfano wa 1 kwa 30 hizo ni sentimita 6 za bahari ambazo hazikuchimbwa na wimbi lolote.

Mnatumia vifaa gani?

Cha zamani ni sindano ya kupimia: fimbo nyembamba ya chuma yenye rula ya kusomea, imefungwa kwenye kigari kinachotembea juu ya reli. Unaishusha mpaka ncha na kivuli chake vikutane juu ya mchanga. Rula inasoma sehemu ya kumi ya milimita, lakini usidanganyike. Mchanga si bamba la chuma. Mtu mwenye mkono mzito huizamisha milimita nzima. Ndiyo maana sheria yetu ni kwamba aliyepima mwanzo ndiye atakayepima mwisho, hata kama basi lake linaondoka. Sindano ni ya polepole, inakupa nukta chache, na bado sijaona kifaa kinachoaminika kuliko hicho pale vipimo vingine vinapogombana.

Leza hukagua sakafu nzima kwa dakika chache na kutoa nukta maelfu kwa usahihi wa kama milimita moja, maji yakiwa yametolewa. Fotogrametria hufanya kazi hiyohiyo kwa picha: unapiga picha nyingi zinazolaliana, walau asilimia 60 hadi 80 ya kila picha ionekane kwenye inayofuata, na programu inajenga umbo la pande tatu. Kamera ya kawaida inatosha. Shida yake ni mchanga uliolowa na kung'aa, na mchanga wa rangi moja usio na alama ya kushikwa na programu. Taa zitoke pembeni, si juu, na alama za kudumu zibandikwe kwenye kuta za mfereji. Kuna aliyezibandika juu ya mawe ya tuta. Mawe yakazama, alama zikazama nayo, na kwenye picha zake sakafu ikaonekana imepanda. Tulihangaika siku mbili tukitafuta mchanga huo umetoka wapi.

Kipima kina cha mwangwi ndicho kinachoweza kupima huku mawimbi yanapiga. Hukaa ndani ya maji, hutuma sauti na kusikiliza inaporudi. Unapata historia yote ya shimo badala ya mwanzo na mwisho peke yake. Lakini mapovu ya wimbi linalovunjika hukiziba masikio, na karibu na mteremko wa mawe mwangwi hurudi kutoka kwenye jiwe badala ya mchanga.

Na kuna kioo cha pembeni mwa mfereji. Weka kamera hapo hata kama huna hela ya kingine. Inaonyesha ukanda ulioegemea kioo tu, ambako msuguano wa kioo unabadilisha mambo kidogo, lakini macho yataona mambo ambayo namba hazisemi.

Naweza kupiga leza au picha kutoka juu bila kutoa maji?

Unaweza, ukikumbuka kwamba maji yanapinda mwanga. Ukitazama wima kutoka juu, kina huonekana kimegawanywa kwa 1.33. Shimo la sentimita 4 linasomeka sentimita 3. Ukitazama kwa mshazari hesabu inakuwa ngumu zaidi. Weka tofali lenye kimo unachokijua chini ya maji na ulipime kwanza.

Na nikitoa maji kuna ubaya gani?

Ukiyatoa haraka, maji yaliyo ndani ya mchanga na kati ya mawe yanakimbilia nje na kubomoa kingo za shimo. Shimo linakuwa fupi na pana kuliko lilivyokuwa. Toa kwa saa kadhaa, si kwa dakika, na ukiweza pima nukta chache kwa sindano kabla ya kufungua koki, upime zilezile baada ya maji kwisha. Zikitofautiana, unajua umeharibu kiasi gani.

Jaribio moja liwe na mawimbi mangapi?

Mpaka shimo liache kukua. Mwanzoni linachimbika mbio, kisha linachoka. Mchoro wake unapinda na kulala. Mawimbi 3,000 hutumika mara nyingi, ambayo kwa mfano wetu wa sekunde 1.8 ni saa moja na nusu. Usingoje mwisho ndipo upime. Simamisha baada ya mawimbi 100, 300, 1,000 na 3,000, upime kila mara. Nukta nne hizo zinatosha kukuonyesha kama mchoro umelala kweli au wewe ndiye uliyechoka. Na tumia mawimbi yaliyochanganyika kama ya bahari. Mawimbi yanayofanana yote huchora shimo safi la kuvutia ambalo bahari haijawahi kulichora.

Sakafu yangu imejaa mikunjo midogo. Shimo ni lipi?

Mikunjo hiyo ni ya kawaida, kimo chake kama sentimita moja na nafasi kati yake sentimita kadhaa. Shimo lako likiwa la sentimita tatu, ni rahisi kuhesabu bonde la mkunjo kama sehemu ya shimo. Tafuta wastani kwa urefu unaozidi mkunjo mmoja, na usiripoti nukta moja ya chini kabisa bila kusema ni nukta moja.

Nimerudia jaribio na namba hazifanani. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Rudia mara ya tatu. Lakini kwanza angalia joto la maji, maana maji ya baridi ni mazito kidogo kupita kati ya chembe na mchanga hushuka polepole. Kisha shika mchanga: kama umekaa mferejini wiki tatu unateleza vidoleni, kuna utando wa vijidudu umegandisha chembe na mawimbi hayatauchimba kama zamani. Utoe, uuoshe, utandike upya. Ndiyo, wote.

Mnajuaje kama mawe yamezama au yamehama?

Tunayapaka rangi kwa mikanda: nyekundu mguuni, njano inayofuata, buluu juu. Jiwe jekundu likilala ndani ya shimo linaonekana hata kwa mtu asiye na miwani. Kuna miguu inayojengwa makusudi ili ishuke: mkeka wa mawe ya ziada unalazwa mbele, mchanga ukichimbika mawe yanaporomokea shimoni na kulivika. Hapo kushuka kwa mawe si kasoro, ndiyo kazi yake. Tunachokagua ni kama yalifika chini yakiwa yameshikana au yaliachana na kuacha mchanga uchi. Na kama ilisahaulika kuweka kitambaa cha kuchuja chini ya mawe, tuta litazama hata bila shimo mbele yake, kwa sababu mchanga unanyonywa kupitia mianya.

Majibu ya Ulaya yanafaa pwani yetu ya Afrika Mashariki?

Kanuni ni zilezile, ila mambo matatu yaangaliwe. Kwanza, mchanga wa fukwe zetu nyingi una vipande vya matumbawe na makombe. Havina umbo la duara. Kipande cha kombe hushuka kikiyumba kama jani, polepole kuliko punje ya kwarzi (madini ya mchanga wa kawaida) yenye ukubwa uleule. Usitumie jedwali, pima mwendo wa kushuka kwa mchanga wako mwenyewe kwenye mrija mrefu wa kioo. Pili, chini ya mchanga mara nyingi kuna mwamba wa matumbawe, pengine nusu mita tu. Shimo litafika hapo likome, kwa hiyo weka bamba gumu kwenye mfano kwa kina hichohicho. Tatu, bamvua. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Mguu mmoja wa tuta utakuwa mkavu asubuhi na chini ya mita 3 za maji mchana. Jaribu vina vitatu au vinne. Wanaojaribu maji makuu peke yake hukosa ile saa ya katikati, wimbi linapopindukia moja kwa moja juu ya mguu.

Kompyuta haiwezi kufanya haya yote?

Inafanya vizuri zaidi kila mwaka kwa upande wa maji. Mchanga unaopita kati ya mawe bado unaisumbua. Na wanaounda programu hizo ndio wanaotupigia simu kuomba vipimo.

Niandike nini kwenye daftari?

Saa, joto la maji, kina cha maji, nani alishika sindano, mawimbi yaliyopimwa kweli na si yale uliyoiamuru mashine, na kila kitu kilichotokea ambacho hukukipanga. Mtu alikanyaga mchanga? Andika. Umeme ulikatika kwenye wimbi la 740? Andika, kisha pima hapohapo kabla haujarudi.